Nani Aliamua Chai Ikatwe

Kabla hujamuuliza mama wa hapa kwetu nani anaamua maziwa yauzwe, jua kwanza unauliza maziwa gani. Upande huu wa Bomet ng'ombe mmoja ana maziwa ya watu wawili. Ya asubuhi yanabebwa na gari na kuandikwa kwa jina la baba. Ya jioni ni ya mama, atanywesha watoto, atagandisha kwenye kibuyu, atamuuzia jirani, na hakuna mwanamume mwenye akili atakayeuliza yalikwenda wapi. Nilipoanza kazi sikuwa nalifikiria hilo, ingawa nimelelewa na maziwa hayo hayo ya jioni. Nikauliza tu kama karatasi ya maswali ilivyosema, "Nani anaamua maziwa yauzwe?" Kuna mama akaniangalia kwa huruma, akaniuliza, "Jua likiwa wapi?"

Mmeniomba niwaandikie nyinyi vijana mnaoanza kazi hii ya kwenda vijijini na tableti. Nimekubali, lakini msitarajie lugha kubwa. Nilimaliza darasa la nane, nikaolewa juu ya Sotik, nikachukuliwa na mradi kwa sababu nilikuwa na mwandiko unaosomeka na nilijua Kipsigis na Kikisii. Kazi zangu zilikuwa mbili. Siku ya Alhamisi nilikaa na wakulima kwenye shamba darasa, yaani kikundi kinachojifunza shambani bila mwalimu wa kusimama mbele. Na kila baada ya misimu kadhaa nilirudi kwa hao hao kupima kama wamepata nguvu ya kuamua mambo yao. Wakubwa waliita uwezeshaji. Sisi tuliita kuwa na sauti. Nimestaafu sasa, na magoti hayapendi tena milima.

Nitawaambia habari za mtu mmoja, Rael, Mama Chepkemoi, ambaye tulimzika mwaka huu. Naandika kwa sababu yake kuliko kwa sababu yenu, mnisamehe. Lakini nadhani mtapata cha kushika.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee Arap Koech, afisa wa mifugo aliyestaafu, mrefu, mpole, mwenye kofia aliyoivaa hata ndani ya nyumba. Aliniambia hivi, "Kila swali, jiulize wewe kwanza, bwana yako akiwa ameketi hapo. Ukishindwa kulijibu, usimpelekee mwenzako." Nilijaribu jikoni kwangu. Maswali mengi yalikufa hapo hapo jikoni.

Lingine lilikufa kanisani. Karatasi iliuliza, "Je, unaweza kuzungumza mbele ya watu?" Mama mmoja akanijibu hapana, kwa haraka, kama nimemtukana.

"Na Jumapili ni nani aliomba mpaka watu wakalia?" nikamuuliza.

"Hiyo si kuzungumza. Hiyo ni kuomba."

"Na kwa harambee ya mtoto wa jirani?"

"Hapo nilikuwa nashukuru."

Basi andikeni hapana mkitaka. Mtakuwa mmeandika alichosema, na hamtakuwa mmempata.

Nirudi kwa Rael. Alikuwa mwembamba, wa maneno machache, na alicheka na mkono mdomoni. Kikundi kilikuwa na watu kama ishirini hivi, wengi akina mama, wanaume wachache. Bwana yake, Wilson, hakuwa mwanachama. Alisema yeye amechuma chai tangu akiwa mtoto, atafundishwa nini na watu wanaochuma pamoja naye.

Siku ya shamba darasa ilikwenda hivi. Tunaingia kwenye chai asubuhi umande ukiwa bado, tunagawanyika makundi madogo, kila kundi linachagua mashina machache na kuyatazama. Si kuyaona, kuyatazama. Tunageuza jani, tunatafuta wadudu, tunashika udongo. Halafu tunakaa kwenye nyasi kwa duara, tunachora tulichokiona kwenye karatasi kubwa, na aliyechora anasimama kueleza. Wengine wanambishia. Mimi mwezeshaji kazi yangu kubwa ilikuwa kunyamaza, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya maishani. Mtu akikuuliza, "Huyu ni mdudu gani?" unamjibu, "Anafanya nini hapo?" Mwanzoni walifikiri nawaficha. Mzee mmoja aliwaambia wenzake kwamba huyu mama analipwa kwa kutojua.

Mara ya kwanza Rael alipopewa kalamu ya kuchorea aliishika kama mpini wa jembe. Akachora utitiri mwekundu, yule mdudu ambaye huwezi kumwona vizuri bila kukaza macho, na akamchora mkubwa kama ndama. Watu walicheka. Naye akacheka, mkono mdomoni. Halafu akaondoa mkono akasema, "Nyinyi mnaangalia ukubwa wake. Mimi nimechora vile anakula." Watu wakainama kuutazama tena mchoro wake. Nimehudhuria mikutano mingi na nimeona wageni wengi wa magari makubwa, lakini sijaona kitu kilichonitia ubaridi mwilini kama kuona mtu anajisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Inakuja bila kelele. Ukiwa unaandika, itakupita.

Sasa niwaambie kosa letu la ngazi, maana mtalirudia msipoambiwa.

Mradi ulitaka kipimo ambacho si cha karatasi. Arap Koech akabuni ngazi ya majivu. Alichora chini kwa majivu ngazi kubwa, akasema kila mtu asimame kwenye kipago kinachofanana na sauti aliyo nayo nyumbani kwake. Chini kabisa ni yule asiyeulizwa kitu. Juu kabisa ni yule anayeamua. Wazo zuri, na watu walilipenda. Ila huku kwetu hakuna tambarare. Aliichora pale pale tulipokuwa, kwenye mteremko, juu ikielekea kilima na chini ikielekea mto. Na wazee wa kijiji waliokuja kutazama, kwa sababu ya jua, walikuwa wamekaa upande wa chini kwenye kivuli cha ua.

Akina mama wakajipanga wote chini. Wote. Hata yule mjane tuliyejua anaendesha boma zima peke yake, anauza mafahali yake mwenyewe na kugombana na madalali, alisimama kipago cha chini akiangalia viatu vyake. Tukaandika. Tukapeleka. Jibu likarudi kwamba kikundi hiki hakijabadilika hata kidogo, na pengine kifungwe.

Tulikuwa Wakipsigis watupu pale, na hakuna aliyeona. Arap Koech alirudi kwake amenyong'onyea, akamweleza mke wake akiwa anakula. Mke akaweka chini kijiko. "Mlitaka mama asimame kilimani," akamwambia, "baba mkwe wake akiwa amekaa chini ya miguu yake?"

Kesho yake mzee alikuja kwangu kabla ya chai ya asubuhi kunieleza. Alicheka mpaka akavua kofia. Akasema, "Mimi nilichora, na mimi nikiwa mwanamume sikuona mlima. Nilizaliwa nikisimama huko juu." Akaandika barua kwa wakubwa akisema ukweli wote, kwamba tulipima heshima tukadhani tumepima woga. Wakatupa nafasi nyingine.

Baada ya hapo tulipima kwa mahindi. Kila mtu peke yake, anapewa mkebe na punje kumi kiganjani. Ninataja jambo, kwa mfano kuuza ndama, na anatia kwenye mkebe punje nyingi kadiri sauti yake ilivyo nyingi katika jambo hilo. Mimi nageuka naangalia upande mwingine. Watu ambao hawangepanda kipago hata kimoja walitia punje kwa utulivu kama wanaopanda msimu. Rael mara ya kwanza, kwenye swali la chai, hakutia kitu. Alinirudishia punje zote kiganjani, zikiwa na joto la mkono wake.

Chai ya kwao ilipandwa na babake Wilson. Ilikuwa imezeeka, imepanda juu kiasi kwamba mchumaji anainua mikono, mashina yana mafundo, majani machache na magumu. Wilson aliamua kuing'oa yote apande blugamu, ile mikaratusi ya nguzo na kuni. Miti haina kazi, alisema, unapanda unalala. Alikwishaagiza miche. Na kwa nyumba ile, hiyo chai ndiyo ilikuwa shule ya watoto na chumvi ya kila siku, na ndiyo ilikuwa kazi ya Rael tangu siku aliyoletwa pale akiwa bibi arusi. Ikitoka, yeye angebaki mtu wa kungoja miti ikue.

Kikundi kilikuwa kimejaribu kukata chai ya zamani mpaka chini, karibu na magoti, kwenye kipande cha jirani. Ukiona shina lililokatwa hivyo utafikiri mtu amelipiza kisasi. Lakini tulikuwa tumeona likirudi. Tulikuwa tumejifunza kuacha tawi moja hai kwa kila shina ili lipumue, kukata kwa mshazari maji yasikae kwenye kidonda, na kufunika kwa matawi yaliyokatwa jua lisiunguze. Rael alichora yote hayo.

Sikuwepo siku alipomwambia Wilson. Alinisimulia mwenyewe tukichambua mboga. Alingoja Wilson amalize kula, akamwambia, "Baba Chepkemoi, kabla hujang'oa, nataka nikate kipande cha juu. Chote, mpaka chini."

"Na ikifa?"

"Miche yako ikifika kabla chai haijachipuka, nitaing'oa kwa jembe langu. Sitaita mtu."

"Umeambiwa useme hivyo na wale wa Alhamisi?"

"Wale wa Alhamisi hawaambii mtu kitu. Hata nikiuliza."

Wilson alicheka, akasema sawa, kata. Nadhani alifikiri atachoka.

Alikata wiki nzima. Akina mama wa kikundi walimsaidia kunoa panga lakini kukata alikata yeye. Ndipo mvua ikachelewa. Sisi wa nchi ya chai tumezoea mvua kama watu walivyozoea mlango wa nyumba yao, na mwaka ule ilikaa mbali. Mashina yakawa ya kijivu. Kutoka barabarani kipande kile kilionekana kama mahali palipoungua. Ndugu yake Wilson alipita akasema kwa sauti, ili asikike mpaka jikoni, "Wilson, bibi yako amenyoa chai kama kichwa cha mfungwa." Na wengine waliokuwa wakienda kituo cha kupima majani wakiwa na mzigo mgongoni walimsalimia Rael kwa upole ule wa kusalimia mtu aliyefiwa. Huo upole ndio uliomuuma, aliniambia. Kejeli aliiweza.

Siku yangu ya kupima ikaangukia siku ile ile miche ilipofika. Sikujua. Nilipofika bomani nilikuta miche ya blugamu imepangwa kivulini kando ya ua, mibichi, mizuri, na Wilson ameketi juu ya gogo akingoja. Rael alinikaribisha, akanipa chai, akasema, "Tumalize yako kwanza, halafu nina kazi." Jembe lilikuwa limeegemezwa mlangoni.

Tukaenda nyuma ya jikoni na mkebe. Nikampa punje. Nikauliza habari ya kuku, ya ndama, ya shule. Nikafika kwenye chai. Nikageuka, nikaangalia kilima. Nikasikia punje zikilia ndani ya mkebe, zikaendelea kulia, kisha kimya. Nilipogeuka kiganja chake kilikuwa kitupu.

Tumefundishwa tusibishane na jibu la mtu. Nilibishana. Kutoka pale tulipokaa mashina yalionekana vizuri, makavu, na Wilson alionekana, na miche ilionekana.

"Mama Chepkemoi," nikamwambia, "umenielewa? Chai bado haijachipuka."

"Hukuniuliza kama imechipuka."

"Lakini pengine unaenda kuing'oa sasa hivi."

"Naenda," akasema. "Umeniuliza nani aliamua."

Vijana wangu, niliandika. Mwandiko wangu unaosomeka haukusomeka siku hiyo. Miaka yote nilikuwa nimefikiri tunapima kitu ambacho mtu anapata, kama mbegu au ng'ombe wa gredi, yule wa maziwa mengi. Kumbe mtu anaweza kuwa nacho chote akiwa amesimama mbele ya hasara yake, na huenda ndipo anapokuwa nacho kabisa. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Niliona, na nilitaka kuvua viatu.

Alichukua jembe akapanda kwenye kipande. Nilimfuata. Wilson naye akainuka, akasimama mwisho wa mstari, mikono nyuma. Rael hakupiga jembe mara moja. Aliinama kwenye shina la kwanza, akakwaruza gome kwa ukucha. Kahawia. Akakwaruza la pili. Kahawia. Alikwenda hivyo akiinama na kuinuka, bila haraka, mpaka kwenye shina moja akakaa muda mrefu kuliko kwa mengine.

"Baba Chepkemoi," akaita. "Njoo uone."

Wilson akaja. Chini ya gome palikuwa na kijani, chembamba, chenye maji. Na kwenye fundo palikuwa na uvimbe mdogo kama kichwa cha kiberiti.

"Hiyo ni moja," Wilson akasema.

"Ulipokuja kwetu kuniomba ulikuwa na ng'ombe mmoja. Baba alingoja."

Wilson aliangalia chini. Mabega yakaanza kutikisika, nikajua anacheka. Miche ile aliipanda kwenye mpaka, mingine akampa ndugu yake mwenye mdomo. Mvua ilirudi kabla mwezi haujaisha. Si mashina yote yaliyorudi, nisije nikawadanganya. Mengine yalikuwa yamekufa kweli, na Rael aliyang'oa mwenyewe kama alivyosema, akaziba mapengo kwa miche mipya ya chai. Lakini msimu uliofuata kipande kile kilikuwa tambarare kama mkeka, na wachumaji waliingia bila kuinua mikono.

Kikundi hakikufungwa. Mimi nilistaafu. Arap Koech alitangulia, na Rael akaugua, akapelekwa Kericho, akarudi, akapelekwa tena. Kwenye mazishi Wilson alisema maneno mazuri. Alisema mke wake alikuwa mtu wa bidii, na kwamba hata ile chai watu waliyoisifu, yeye Wilson ndiye alimruhusu akate. Watu waliitikia. Mimi niliangalia mikono yangu. Sikuwa na haki ya kusema, na haikuwa siku ya hilo.

Wiki chache baadaye nilikwenda kumwona Wilson, kwa sababu nyumba ya mtu aliyefiwa hujaa wiki ya kwanza na baadaye hubaki na sufuria moja. Nilimkuta kwenye kipande cha juu. Chai ilikuwa imepanda tena, maana chai ikishakatwa inataka kukatwa tena kila baada ya miaka michache, na miaka hiyo ilikuwa imefika. Panga lilikuwa mkononi, limenolewa. Hakuwa amekata hata tawi.

"Nimekuja hapa tangu juzi," akasema. "Nanoa, nakuja, narudi."

"Unangoja nini, mzee?"

"Sijui kama ni sasa au ningoje mvua. Sijui ikatwe wapi. Nimempigia Chepkemoi, akaniambia, baba, amua wewe." Akalipitisha dole gumba kwenye makali ya panga. "Nilisema kwa watu kwamba nilimruhusu. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Haikuwa hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa tu kwa gogo."

Nilikuwa nimezoea kunyamaza kwa kazi, na siku ile mazoea hayo yalinisaidia.

"Wale wa Alhamisi bado wanakutana?" akauliza.

"Bado."

"Waulize kama wanachukua mzee."

"Waulize wewe."

Alhamisi iliyofuata nilipanda kilima polepole, magoti yakilalamika. Nilitaka kuona. Akina mama walikuwa wameketi kwenye nyasi, karatasi kubwa katikati, wanabishana juu ya jani. Wilson alikuwa amesimama nje ya duara, kofia mkononi, anangoja kuambiwa akae.